Mwongozo kamili: kusema ukweli kuhusu hobi yako unapotafuta mchumba mtandaoni

Meseji ninazopokea siku hizi zinafanana. Kijana wa Ujiji anachora ramani za mitaa kwenye simu mpaka saa saba usiku. Binti aliyekuwa akichati naye kamwacha. Dada wa Gungu ana tangi la samaki sebuleni. Alimwambia mwanaume wa Mwanza kwamba anapenda kupika na kusafiri, mgeni alipofika akauliza hiyo mashine inayonguruma usiku kucha ni ya nini. Mwingine yuko Tabora, ana miaka 31, anapenda katuni za Kijapani na anaona haya kusema.

Wote walishaambiwa "sema ukweli tu". Ushauri huo hautoshi. Wengi wao ukweli waliusema, ila waliusema nusu, au waliumwaga wote kwa mkupuo saa sita usiku mpaka mwenzao akalala na simu mkononi.

Nilichojifunza ni hiki: uchumba hauvunjwi na hobi. Unavunjwa na saa na shilingi ambazo mwenzako amezigundua mwenyewe. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo. Nipo Mwanga, Kigoma, hobi yangu ni kuangalia nyota kwa darubini, na haya yamenikuta kabla hayajawakuta ninyi.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, utaishia kuchati.
- Orodha ya miamala yako ya simu ya miezi 3 iliyopita.
- Picha 3 za hobi yako, ulizopiga mwenyewe.
- Rafiki mmoja asiyejua lolote kuhusu hobi hiyo na asiyeogopa kukwambia "sijaelewa".
- Wiki 2 za subira. Anayeruka hatua ya kwanza huwa anarudi kwangu na tatizo lilelile.

## Hatua ya 1: Pima hobi kwa saa na shilingi

Kwa wiki 2, kila unapoishika hobi yako andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Usikadirie, maana anayekadiria huandika nusu. Mimi niliamini natumia saa mbili kila nikitoka. Daftari likaonesha tatu na nusu: nilikuwa nimesahau muda wa kubeba stendi hadi uwanjani, kusubiri kioo cha darubini kipoe kilingane na hewa ya nje, na kukausha umande kabla ya kufunga boksi.

Kisha chukua ile miamala. Pigia mstari kila kilichoingia kwenye hobi: bando, betri, vipuri, gharama za mzigo kwenye basi. Jumlisha, gawa kwa 3. Hiyo ndiyo gharama yako ya mwezi, hata kama imekushtua.

Mwisho andika mahali. Hobi yako inakaa wapi ndani ya nyumba? Watu wengi hawalifikirii hili. Tangi la lita 200 lina maji ya kilo 200, achilia mbali kioo na mawe. Halisogezwi kwa sababu mgeni anakuja Jumamosi.

Kwa nini tunaanza hapa? Mtu wa mtandaoni hakuoni ukiwa na hobi yako. Anachokiona ni vile vipindi ambavyo haupatikani, na atavijaza kwa maelezo yake.

Mara ya kwanza nilipochati na mtu kwa nia ya ndoa, sikumwambia. Kila mwezi ulipoingia gizani, kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu usiku, simu yangu ilikuwa haipatikani. Nilikuwa naizima makusudi. Jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na ukitazama kioo cha simu mara moja tu unaanza upya. Yeye akawa anaweka alama kwenye kalenda. Miezi mitatu ilipopita alinitumia orodha ya tarehe, na chini yake swali moja: huyo mwanamke wa zamu ya kila mwezi ni nani?

Tarehe zote zilikuwa sahihi. Nilipomjibu kwamba nilikuwa na nyota, hakuamini. Kwa namna nilivyokuwa nimenyamaza miezi yote ile, hata ningekuwa mimi nisingeamini. Hakurudi, na sikumlaumu.

Umefaulu ukiweza kusema sentensi moja yenye namba tatu bila kufungua daftari. Yangu ni hii: usiku 7 kwa mwezi, saa tatu na nusu kila usiku, shilingi 40,000.

## Hatua ya 2: Ipe jina ambalo muuza mawese wa sokoni atalielewa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Nikisema "naangalia nyota", wengi wa hapa kwetu husikia vitu viwili: mnajimu anayesoma bahati za watu, au mganga wa kusafisha nyota. Nilishaulizwa na binti, tena kwa hofu ya kweli, kama mizimu yangu inataka kuku. Hakuwa mjinga. Neno nililotumia lilikuwa na mwenyewe tayari.

Nilitafuta maneno mengine kwa kuzungumza na watu, si kwa kukaa peke yangu. Mzee mmoja wa Ujiji nilimwambia: "Mzee wangu, kama mnavyotafuta mwandamo wa mwezi wa Ramadhani, nami hufanya hivyo, ila natazama na sayari kwa kioo kinachokuza." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama sayari ya Zuhura nayo ina mwandamo. Inao. Kuna nyakati kwenye darubini Zuhura huonekana hilali kabisa, kama mwezi mchanga. Tangu siku hiyo najitambulisha kwa maneno yale niliyomwambia mzee.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi walielewa upesi kuliko wote. Nao mbalamwezi ikiwaka hupumzika, giza likiingia hutoka na taa zao. Kalenda yetu ni moja.

Tafuta jina la hobi yako kwa njia hiyohiyo. Lisiwe kubwa mno, lisiwe la kujificha:

- Usiseme "napenda teknolojia". Sema "nafungua redio mbovu za zamani na kuzifanya zisikike tena".
- Usiseme "napenda muvi". Sema "naangalia anime, katuni za Kijapani, na nyingi ni za vijana na watu wazima. Vipindi vitatu kila usiku".
- Usiseme "napenda kutembea". Sema "natembea mitaani na simu, naingiza njia na majina yake kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha".
- Usiseme "napenda kusoma". Kama unaandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, sema hivyo. Ipo tangu 2003 na waandishi wake ni watu wa kawaida wanaojitolea.

Onyo: futa kila sentensi inayoanza na "najua ni utoto lakini". Ukijiponda mwenyewe unampa mwenzako hukumu kabla hajafikiri, na mara nyingi ataichukua hiyohiyo.

Umefaulu ukiwa umemsomea yule rafiki sentensi yako naye akauliza swali. Akisema "aa, sawa" na kugeukia mambo mengine, jina bado ni pana mno. Andika tena.

## Hatua ya 3: Andika wasifu wa sentensi tatu

Iwe ni Facebook, Badoo au Tinder, kanuni haibadiliki. Sentensi ya kwanza itaje hobi. Ya pili itoe kitu kimoja cha kuonekana. Ya tatu iseme inakula muda gani.

Yule dada wa Gungu tuliandika naye hivi:

"Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika kwenye tangi la kioo sebuleni. Kuna wadogo wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na mtu akikaribisha kidole kwenye kioo wanakuja kulinda nyumba zao. Jumapili asubuhi baada ya ibada ni siku ya kubadilisha maji, simu naiweka kando."

Jinsi tulivyofikia sentensi ya pili ni jambo la kujifunza. Mwanzo aliandika kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya cichlid, ambayo hao wadogo wake wamo, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Ni kweli kabisa, lakini mtu anayetafuta mchumba hawezi kujibu namba. Nikamuuliza anapokaa mbele ya lile tangi anatazama nini. Akanyamaza, kisha akaanza kunieleza kuhusu samaki mmoja asiyefika hata urefu wa kidole, anayechota mchanga kwa mdomo na kwenda kuumwaga mbali, mpaka kombe lake limezama na kubaki tundu tu. Alieleza kwa dakika kumi bila kuchoka. Sentensi yake ilikuwa humo.

Kwa Kigoma kuna jambo la ziada: samaki kwetu ni kitoweo. Migebuka na ugali mtu anaelewa. Samaki anayelishwa ili atazamwe ni habari nyingine. Ndiyo maana sentensi ya pili lazima imwoneshe mtu kile unachokiona wewe.

Umefaulu ikiwa meseji za kwanza zinaanza kuuliza kuhusu hobi badala ya "mambo mrembo". Zitapungua idadi. Dada huyu alizoea meseji nyingi kila siku, zikabaki chache mno, akadhani tumeharibu. Nilimwomba avumilie.

## Hatua ya 4: Picha

Weka picha moja ya uso wako na moja ya mikono yako ikiwa kazini, uliyoichagua kati ya zile 3. Basi. Picha kumi za vifaa zinamfanya mtu ahisi amefungua duka.

Onyo: namba ya nyumba, geti, bango la duka la jirani, vyote visionekane. Darubini, kompyuta na tangi ni mali, na wanaotazama wasifu wako si wachumba peke yao.

## Hatua ya 5: Taja kwenye chati ndani ya wiki ya kwanza

Hobi itajwe ndani ya siku 7 za kwanza. Saa na shilingi zitajwe kabla hamjaonana ana kwa ana na kabla yeyote hajalipa nauli. Ukichelewa zaidi ya hapo, kilichokuwa habari kinageuka siri.

Tuma ujumbe mmoja mfupi, kisha nyamaza. Usimwage somo. Hivi ndivyo nilivyochati na binti wa Tabora ambaye leo ni mke wangu, na amekubali niiweke hapa:

"Kaka mbona jana simu ilizimwa?"

"Samahani dada. Nilikuwa nje naangalia Mshtarii. Mwanga wa simu unanipoteza macho, ndo maana nazima."

"Mshtarii ndo nini?"

"Sayari. Ile nyota kubwa inayowaka bila kupepesa. Kwa darubini unaiona na miezi yake minne imejipanga pembeni."

"Unalipwa?"

"Silipwi. Napenda tu."

"Kila siku?"

"Usiku saba kwa mwezi, mwezi ukiwa haupo. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano na nusu. Siku nyingine zote nipo."

"Haya. Na leo ni mojawapo?"

"Ndiyo. Nazima saa mbili, nitakutafuta saa sita kasoro."

Angalieni jibu la mwisho. Alipewa saa, na saa sita kasoro nikapiga. Usiku wa tatu hakuuliza tena niko wapi, aliuliza nimeona nini. Hayo ndiyo mafanikio ya hatua hii: swali la "uko wapi" linapobadilika.

Ukishataja yako, uliza ya kwake, halafu sikiliza kweli. Mke wangu anafuma vitambaa kwa sindano moja na hukariri mishono mia na zaidi bila kuandika. Alikuwa hajamwambia mwanaume yeyote, akiamini ni mambo ya bibi zake.

## Hatua ya 6: Jiandae na maswali yatakayokuja

"Unalipwa?" Hili huja karibu kila mara, na halina ubaya. Anayetafuta mwenza anatafuta pia usalama wa nyumba. Usikasirike, na usidanganye kwamba "itakuja kulipa". Jibu ndiyo au hapana, kisha taja kiasi cha mwezi na kitu kinacholipwa kabla yake: "Natumia elfu arobaini, baada ya kodi na chakula na ya mama." Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo anayoisubiri.

"Hayo si mambo ya watoto?" Anayependa anime, katuni za kuchora au michezo ya kompyuta ataulizwa. Kaka wa Tabora nilimshauri asitetee katuni zote za dunia. Ataje moja tu, aseme inahusu nini na kwa nini ilimgusa. Alieleza kuhusu mhusika aliyelea mdogo wake baada ya wazazi kufariki, kwa kuwa na yeye alilelewa na dada yake. Binti aliyeuliza aliomba aoneshwe.

"Hayana mambo ya kishirikina?" Jibu kwa upole na kwa ukamilifu. Swali hili mara nyingi linatoka kwa mama yake, yeye ni mjumbe tu. Mimi hueleza kwamba sisomi bahati ya mtu, natazama vitu vilivyopo juu ambavyo na yeye akisimama hapa ataviona. Wazee wetu walipanga kilimo kwa Kilimia, na mpaka leo Kilimia kiko palepale, nyota sita au saba zimebanana. Kwa darubini ni kundi kubwa.

"Tukioana utaendelea?" Hapa ndipo penye uongo mwingi kuliko kote. Kwa kumwogopa ampendaye, mtu anajibu "nitaacha". Haachi. Baada ya miezi anaanza kuifanya kwa kujificha, na tumerudi kwenye kalenda yenye alama. Kama utaendelea, sema utaendelea, kisha sema unaweza kupunguza nini. Mimi nilisema usiku 7 unaweza kuwa 4, na mtoto akiumwa ni sifuri. Sikuahidi zaidi ya hapo.

## Hatua ya 7: Mkionana mara ya kwanza

Onaneni mchana, mahali penye watu. Kila mmoja awe na nauli yake ya kurudi mfukoni, na ndugu mmoja ajue mko wapi. Hili halina mjadala.

Wapenzi wa nyota wenzangu, naomba mnisikie: msimwalike binti mliyejuana mtandaoni kuja ufukweni gizani eti kuona pete za sayari ya Zohali. Hata nia yako ikiwa safi, unamtaka akuamini katika hali ambayo mama yake angemkataza, tena kwa haki. Pete za Zohali hazina haraka.

Nenda na kitu kidogo kinachoshikika. Mimi nilikwenda na darubini ndogo ya macho mawili. Ulikuwa mwezi wa robo ya kwanza, ambao mchana wa saa tisa au kumi tayari uko juu angani. Tulikuwa tumekaa kando ya ziwa, watu wakipita, akautazama na kuona mashimo yake mchana kweupe. Dakika kumi, nikaiweka kwenye mfuko. Anayependa sataranji aje na ubao mdogo, mchoraji wa ramani aoneshe njia ya kwenda kwa bibi yake aliyoiingiza yeye mwenyewe.

Umefaulu akiomba kuona tena siku nyingine. Akitazama kwa adabu tu na kurudisha, hujashindwa. Mwenzako si lazima aipende hobi yako. Anachotakiwa ni kuijua ukubwa wake na kukubali kuishi nayo.

## Hatua ya 8: Usijifanye unapenda ya kwake

Dada mmoja alijifanya shabiki wa michezo ya mpira ya kwenye simu kwa miezi mitatu. Mwanaume akafurahi, akamnunulia simu yenye nguvu ili wacheze kila jioni. Alipokiri kwamba hajawahi kuipenda, mwanaume hakukasirikia mchezo. Aliniuliza mimi kuna kipi kingine dada huyo alichoigiza ambacho yeye hakijui. Sema "sikijui, nifundishe kidogo", au sema "hicho si changu, ila napenda ukinisimulia". Zote mbili ni majibu mazuri.

## Kama ulishaficha

Wengi wanaoniandikia wako hapa, mnachati miezi na mwenzako hajui.

Usisubiri mkutane. Piga simu, usiandike, kwa kuwa maandishi hayana sauti na yatasomwa kwa sauti ya hasira. Chagua saa ambayo hayupo kazini. Sema mambo manne kwa mfuatano huu: hobi yenyewe kwa jina lake, namba zako tatu, zile siku mahususi ambazo ulimwambia uko bize na kumbe ulikuwa nayo, na kwamba ulificha kwa kuogopa kuchekwa. Jambo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalofanya kazi. Ukiliruka atalitafuta mwenyewe.

Usiongeze "lakini na wewe". Usicheke ili kupunguza uzito. Akiuliza tarehe, fungua lile daftari la hatua ya 1 umsomee.

Kisha mwache. Akinyamaza siku mbili, usimtumie ujumbe wa pili, usimtume rafiki yake, usiweke maneno ya huzuni kwenye status. Usiku wako wa hobi ukifika ndani ya siku hizo, mwandikie mstari mmoja tu kabla hujaanza: "Leo nazima simu saa mbili, nawasha saa tano na nusu." Na saa tano na nusu iwashe.